Mto unavuka mpaka na majitaka yanavuka nao: jinsi ya kukusanya ushahidi ambao pande zote mbili zitaukubali

Kama unaishi kando ya mto unaopita nchi mbili na maji yameanza kunuka choo, ukiuliza upande wako utaambiwa uchafu unatoka ng'ambo, ukimpata mtu wa ng'ambo naye anakwambia ni nyie, na hapo ndo miaka inapita, watoto wanaogelea na kuharisha, wavuvi wanakunja nyavu. Nimeshakaa kwenye haya mambo muda wa kutosha na naamini kabisa kwamba kinachokwamisha mara nyingi sio kukosa sheria, sheria zipo, kinachokwamisha ni watu kwenda mezani na hasira na picha za povu. Povu sio ushahidi, maana hata majani yanayooza kwenye mto msafi yanatoa povu. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kupata ushahidi ambao hata yule wa ng'ambo akiuona hana pa kukwepea, na ujue mapema kwamba ushahidi wa aina hii ukikuta kosa liko kwenu utasema hivohivo.

Na mara nyingi kosa liko pande zote mbili. Chukua mto Tijuana, unatoka Mexico unaingia California na kumwaga baharini pale Imperial Beach, karibu robo tatu ya bonde lake iko Mexico, ukisikia hivyo unasema basi kesi imeisha, wa juu ndo mwenye kosa. Lakini upande wa Marekani kuna mtambo wa South Bay ulioanza kazi 1997 mahsusi kusafisha sehemu ya majitaka ya mji wa Tijuana, ulijengwa kwa galoni milioni 25 kwa siku, yaani kama lita milioni 95, na huo nao umekaa miaka ukizidiwa na kuharibika. Sasa hapo utamlaumu nani kwa sentensi moja? Huwezi. Unatakiwa ujue ni bomba gani, saa ngapi, kiasi gani.

Tembea mto kabla ya kushika chupa

Watu wengi wanaanza na maabara. Usianze huko, utamaliza hela kabla hujajua unatafuta nini. Anza kwa miguu, pita kingo za mto upande wako wote unaoweza kufika, weka alama kwenye ramani ya simu kila mahali maji yanapoingia mtoni: mabomba, mitaro ya mvua, vijito, chemba zilizo karibu na mto, vituo vya pampu, mabwawa ya majitaka, na zile njia za gari zinazoishia mtoni bila sababu ya maana, maana hapo ndo magari ya kunyonya vyoo yanapomwagia.

Nenda siku ya jua, mvua isiwe imenyesha kama siku tatu hivi. Hii ndo siri kubwa ya kazi yote, mtaro wa mvua unaotiririka siku ya jua haubebi mvua, kuna mtu ameunga choo au maji ya kuoshea humo, au bomba la majitaka limepasuka chini kwa chini (inaweza pia kuwa chemchemi au bomba la maji safi linalovuja, ndo maana utapima). Uandike. Afu rudi tena mvua ikinyesha, usimame mahali salama uangalie chemba zipi zinafurika, maana hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Saa nayo inakwambia kitu. Majitaka ya majumbani yanapanda asubuhi watu wakiamka na jioni wakirudi, usiku wa manane yanapungua. Bomba linalotoa sawasawa mchana na usiku huenda ni la kiwanda au ni maji ya ardhini yanaingia. Linalofumuka ghafla umeme ukikatika, hapo jua kuna pampu imesimama na majitaka yametafuta njia ya dharura kwenda mtoni. Linalotoa usiku tu kwa dakika ishirini, hilo huenda ni gari la kunyonya vyoo linamwaga. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike "uchafu mwingi", andika saa, andika kama umeme ulikuwepo, andika mvua ya mwisho ilinyesha lini.

Angalia pia mawe. Kwenye mto unaokula majitaka kila siku unakuta ute wa kijivu umeshika mawe kama pamba iliyolowa, hao ni bakteria wanaoishi kwa chakula cha majitaka, na kwenye tope unakuta minyoo myembamba myekundu imejazana, wao wanaweza kuishi kwenye oksijeni kidogo sana. Chupa ya maji inakuonyesha dakika moja tu, huo ute unakuonyesha wiki kadhaa zilizopita, na mtu akisema "siku mliyokuja kulikuwa na hitilafu ya bahati mbaya" unamwonyesha ute.

Kabla hujaenda mbali, usalama, na hapa nakuomba usipite harakaharaka. Majitaka yanabeba kipindupindu, taifodi, homa ya ini A na vingine vingi, vaa buti na glovu, funika kidonda chochote, usile wala usivute sigara mpaka umenawa kwa sabuni. Na usiingie kwenye chemba au kalavati lililofungwa hata kama unaona ni hatua mbili tu. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na ubaya wake ikizidi pua inakufa, unaacha kuisikia, unadhani imeisha kumbe ndo imekuwa nyingi. Watu wanakufa hivyo wawili watatu kwa mpigo kwa sababu wa pili anaingia kumwokoa wa kwanza.

Wapi upime

Kwa kila bomba unalolishuku unahitaji sehemu tatu: juu yake kidogo, bomba lenyewe, na chini yake. Hapo juu ndo watu wanaparuka na hapo ndo kesi zinapofia, kwa sababu bila kipimo cha juu mwenye bomba atasema maji yalikuja tayari machafu, na anaweza kuwa sahihi. Chini nako usipime hatua tano kutoka kwenye bomba, majitaka yakiingia mtoni yanang'ang'ania kingo moja kwa umbali mrefu kabla ya kuchanganyika, ukichota kingo ile unapata sumu tupu, mwenzako akichota ya pili anapata maji mazuri, na wote wawili mtakuwa mmesema kweli na mtagombana. Shuka mpaka mahali mto umejikunja mara kadhaa au umepita kwenye mawe, afu chota kushoto, katikati, kulia.

Halafu mpaka wenyewe. Weka kituo karibu kabisa na pale mto unapovuka, na hicho kiwe kituo chako cha kudumu maisha yote, kwa sababu kinajibu swali moja tu: maji yalikuwa vipi yalipokabidhiwa.

Kuna kitu kimoja nataka tukikalie kidogo maana kimewagombanisha majirani wengi bure. Mara nyingi majitaka yenyewe hayaui samaki pale yanapoingia, kinachoua ni kukosa oksijeni, na oksijeni haiishi palepale kwenye bomba. Bakteria wanaanza kula ule uchafu taratibu, wanavyokula wanatumia oksijeni ya maji, maji huku yanatembea, kwa hiyo sehemu yenye oksijeni ndogo kuliko zote inakuwa mbali chini, inaweza kuwa safari ya masaa mengi au hata siku kutoka kwenye bomba, afu ndo mto unaanza kupumua tena. Maana yake bomba linaweza kuwa nchi moja na samaki waliokufa wakaelea nchi nyingine, na watu wa pale walipofia wanaanza kumtafuta mchawi jirani, wanamfungia mwenye kiwanda kidogo cha karibu ambaye hana kosa. Vilevile inaweza kuwa uchafu uliingia kwenu na samaki wanafia kwenu mbele zaidi, mkasema uchafu umekuja kutoka ng'ambo. Kwa hiyo ukikuta samaki wamekufa, pima oksijeni hapo, afu panda mto ukipima kila kilomita kadhaa mpaka uone inapoanza kushuka, chanzo kiko juu ya hapo.

Ili mfuatilie maji yaleyale lazima mjue mto unatembea kasi gani. Rusha chungwa, sio utani, chungwa linazama kidogo na upepo haulisukumi, pima mita 50 kingoni, hesabu sekunde linapopita, rudia mara tano. Tuseme imetoka nusu mita kwa sekunde kwa wastani wa mto, hiyo ni kilomita 1.8 kwa saa, kituo kilicho kilomita 20 chini kitaona maji hayo baada ya masaa kama 11. Mkichota vituo vyote saa moja mnalinganisha maji ya asubuhi na maji ya jana usiku, afu mnashangaa namba haziendani.

Kuchota na kupima

Chupa ya bakteria lazima itoke maabara ikiwa safi isiyo na vijidudu, chupa ya soda hata uioshe vipi haifai. Simama ukielekea mto unapotoka ili miguu yako isichafue, fungua, ingiza mdomo chini kama sentimita 15 hadi 30, usichote utando wa juu wala usikoroge tope, acha nafasi kidogo juu, funga. Kama unachota kwenye bomba la mtambo unaotia klorini waambie maabara mapema wakupe chupa yenye dawa ya kuua klorini, bila hivyo klorini inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa na unapata jibu zuri la uongo. Weka kwenye boksi la barafu, isigande, giza, na ifike maabara ndani ya masaa 6, ikishindikana kabisa isizidi 24. Sisi tuliwahi kupoteza kazi ya siku nzima kwa sababu boksi liliachwa juani kwenye gari, namba zilitoka nzuri tu kwenye karatasi lakini upande wa pili walipouliza joto la boksi likiwa linapokelewa hatukuwa nalo, na karatasi ile ikawekwa pembeni palepale. Beba kipimajoto, andika joto la kuondoka na la kufika.

Vipimo vya msingi ni hivi. E. coli, bakteria anayeishi utumboni, ndiye shahidi wa kinyesi, majitaka ghafi yana mamilioni kwa kila mililita 100, wakati kwa kuogelea Marekani wanataka wastani usizidi 126 kwa mililita 100, na maji ya kunywa kwa mujibu wa shirika la afya duniani yasiwe naye hata mmoja. Oksijeni iliyoyeyuka, hii unapima palepale mtoni kwa kifaa cha mkono, maji safi ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 kwa lita, ikienda chini ya 5 samaki wengi wanaanza kuteseka, chini ya 2 wengi wanakufa. Amonia, inakuonyesha majitaka ni mabichi bado. Na kile kipimo cha siku tano cha oksijeni inayoliwa na uchafu, wataalamu wanakiita BOD, majitaka ghafi ya majumbani huwa kati ya miligramu 200 na 300 kwa lita, mtambo unaofanya kazi vizuri unatakiwa ushushe mpaka 25 au 30.

Mtu atasema hao E. coli ni wa ng'ombe. Anaweza kuwa sawa, ng'ombe wanao, bata wanao. Kama maabara ina uwezo wa vinasaba omba wapime kiashiria cha bakteria wa utumbo wa binadamu. Kama hela hiyo haipo kuna njia ya bei nafuu, chukua kipande cha pamba ambacho hakijatiwa dawa ya kung'arisha, kifunge kwenye wavu mdogo, kining'inize ndani ya mtaro siku nne hadi saba, kioshe kidogo afu kimulike gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, kikiwaka buluu jua sabuni za kufulia zimepita hapo, na ng'ombe hawafui nguo.

Sasa kitu ambacho karibu kila mtu anasahau, kiasi. Namba ya ukali peke yake haisemi nani mchafuzi mkubwa, mtaro mdogo unaweza kuwa mkali kupita kiasi na bado ukawa si kitu mbele ya bomba kubwa lililofifia. Pima maji yanayotoka kwa sekunde, kama ni bomba dogo tumia ndoo na saa ya simu, kama ni mfereji pima upana mara kina mara kasi ya chungwa afu zidisha kwa 0.85 kwa sababu juu maji yanakimbia kuliko chini. Tuseme umepata lita 50 kwa sekunde na BOD ni 200, hiyo ni gramu 10 kila sekunde, kwa siku kilo 864. Mtu mmoja anahesabiwa kama gramu 60 kwa siku, gawanya, unapata uchafu wa watu 14,400. Ukikaa mbele ya kiongozi ukamwambia "miligramu 200 kwa lita" hakuelewi, ukimwambia bomba hili linabeba vyoo vya watu elfu kumi na nne anaweka kalamu chini.

Mtafute mwenzako wa ng'ambo

Usivuke mpaka kinyemela kwenda kuchota, ukikamatwa stori yote inakuwa wewe na sio mto, na hata kupitisha chupa za majitaka mpakani bila kibali kunaweza kukuletea shida. Mtafute mtu upande ule, mwalimu, mvuvi, mtu wa kikundi cha watumia maji, mtu anayeumia na mto kama wewe, mfungue grupu la simu la watu wachache tu wanaofanya kazi. Kubalianeni vituo, siku, aina ya chupa, na njia ya maabara. Na angalau mara moja mwanzoni fanyeni hivi, kwa utaratibu ulioruhusiwa na mamlaka: chota maji kwenye chombo kimoja, koroga, gawa mara mbili, nusu maabara ya huku nusu maabara ya kule. Kama majibu yanakaribiana mmejenga kitu ambacho hakuna atakayekibomoa baadaye kwa kusema maabara yenu mbovu. Kama yanatofautiana sana, bora mmejua sasa.

Saa andikeni kwa mtindo wa 24. Nchi mbili zinaweza kuwa na saa tofauti, na sisi waswahili tukiandika "saa mbili" mmoja anasoma 08:00 mwingine 02:00, kosa dogo hivo linaharibu hesabu yote ya mwendo wa maji. Andika 08:00 na saa za nchi gani.

Wapi pa kupeleka

Anza na nyumbani kwako. Mamlaka inayotoa vibali vya kumwaga majitaka upande wako, omba kwa maandishi nakala ya kibali cha kila bomba na vipimo ambavyo mwenye bomba anatakiwa kupeleka. Ukifika kwa jirani ukiwa umeshakagua mabomba ya kwako, mazungumzo yanakuwa tofauti kabisa.

Afu tafuta kama mto wenu una tume ya pamoja, mito mingi ya mpakani inayo na watu wa kando hawajui. Rhine inayo tangu 1950, na faida yake ilionekana baada ya tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la Sandoz karibu na Basel lilipoungua, maji ya zimamoto yakasomba sumu mpaka mtoni, mikunga wakafa kwa umbali wa mamia ya kilomita, na mwaka uliofuata nchi za mto ule zikakubaliana mpango wa pamoja wa kuusafisha, wakachagua lengo ambalo kila mtu anaelewa, samaki aina ya salmoni arudi. Wana pia mpango wa tahadhari, wa juu likitokea jambo anawapigia wa chini kabla maji hayajafika. Hicho ndo kitu cha kwanza ningeomba kwenye mto wowote, simu moja, kwa sababu hakisubiri bajeti ya ujenzi.

Kama tume haipo kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 juu ya mito ya kimataifa, ulioanza kutumika 2014, ibara ya 5 inataka matumizi ya haki, ya 7 inakataza kumletea jirani madhara makubwa, ya 12 inataka umjulishe kabla ya mradi wenye athari. Na ule wa Helsinki wa 1992, ambao mwanzo ulikuwa wa eneo la Ulaya na tangu 2016 uko wazi kwa nchi zote, Chad na Senegal zilijiunga 2018. Angalia kama nchi zenu zimejiunga, zote mbili.

Mahakamani usikimbilie. Argentina iliipeleka Uruguay Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa sababu ya kiwanda cha massa ya karatasi kwenye mto Uruguay, hukumu ikatoka tarehe 20 Aprili 2010, mahakama ikasema Uruguay ilikosea kutofuata utaratibu wa kumjulisha mwenzake, ila kuhusu uchafuzi wenyewe ushahidi uliopelekwa haukutosha. Serikali nzima na wanasheria wake, wakakosa kwenye ushahidi. Baadaye mwaka huohuo nchi hizo zikakubaliana kupima pamoja.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. Ramani, jedwali la namba, hesabu ya watu, na ombi moja lenye jina la kitu: jenereta la akiba kwenye pampu fulani, chemba fulani kuzibwa, vipimo kubandikwa hadharani kila wiki. Wengi wanaomba mtambo mpya mkubwa, mimi nikiulizwa naanza na pampu na umeme wake, maana mtambo mpya majitaka yasipoufikia ni jengo tu.

Wakati mnasubiri, majirani wajue namba leo. Bandikeni kibao pale watoto wanapoingilia mtoni, chenye tarehe ya kipimo cha mwisho, na watu wasiogelee siku tatu baada ya mvua. Maji ya mto kama hakuna mengine yachemshwe mpaka yabubujike dakika moja nzima, au tatu kama mnaishi juu sana milimani, hiyo inaua vijidudu ila haiondoi kemikali, kwa hiyo chini ya bomba la kiwanda kuchemsha hakutoshi. Na siku pampu ikitengenezwa msifunge daftari, rudini vituo vilevile, chupa zilezile, siku ya jua na siku ya mvua, mwaka mzima, na mwenzenu wa ng'ambo achote siku hiyohiyo.